Mtihani wa Koti la Kijani

4 Februari

Shikamoo Mjomba,

Natumaini u mzima, na kwamba fundi viatu wa hapo chini kwako bado anakufunga kwenye dama, maana siku ukimfunga wewe barua zako huwa ndefu kwa majivuno. Mimi sijambo. Vidole vimekauka kwa plasta, nywele zinanuka nta, na jana nilimaliza seti ya meno ya juu nzuri mpaka nikaona wivu kumkabidhi mwenyewe. Mzee aliyevaa hakusema hata asante. Alijitazama kwenye kioo, akatabasamu, akasahau kama nipo.

Mama hajambo. Anakusalimu, na anasema yale unayoyajua. Tangu fundi viatu amweleze kwamba uliacha birika jikoni mpaka likaungua kitako, hana wimbo mwingine: kaka yangu anasahau, kaka yangu atajichoma moto, kaka yangu aje akae kwangu nimtunze. Mimi simo. Nimemwambia mambo ya wakubwa wayamalize wakubwa.

Sasa nikwambie kilichonifanya nishike kalamu. Daktari wa meno tunayemfanyia kazi alisoma ng'ambo, na mpaka leo akikasirika hukasirika kwa Kifaransa. Kwenye rafu yake kuna riwaya moja nyembamba ambayo anasema aliisoma ujanani na hajawahi kuisahau hata chembe. Nimemwomba akuazime, ndiyo hiyo ndani ya bahasha. Kifaransa changu kiliishia siku uliyonitoa kwenye darasa lako kwa kucheka, kwa hiyo nisomee wewe, kisha unisimulie. Ila unisimulie kwa makini: nani alikwenda wapi, alivaa nini, alisema nini. Siku hizi napenda sana mambo madogomadogo.

Ningekupigia simu, lakini najua utaipokea kwa kuiweka chini.

Mpwa wako,
Kibogoyo


19 Februari

Kibogoyo wangu, marahaba,

Kwanza nakushukuru kwa kuendelea kutumia jina nililokupa ulipong'oka meno ya mbele yote wakati mmoja, ukawa unaomba nyama kwa kuonyesha kidole. Nani angejua kwamba ungekuja kuwatengenezea watu meno. Mimi mzima. Goti la kulia linalalamika asubuhi, nikilipa mazoezi ya ngazi linanyamaza. Fundi viatu nimemfunga mara mbili wiki hii. Alisema mwanga ulikuwa mbaya.

Birika liliungua, sikatai. Ni wangapi wameunguza mabirika na wanatembea huru mitaani? Mwambie mama yako nimenunua jingine, linapiga filimbi kama mwamuzi wa mpira. Na umwambie tena, kwa upole, maana ni mdogo wangu na nampenda, kwamba mimi siendi popote. Katika vyumba hivi viwili nimekaa tangu marehemu mke wangu aliposema dirisha lina mwanga mzuri. Wanafunzi wangu wa jioni wanajua kugonga mlango huu. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara ananipungia mkono kila asubuhi akiwa na wembe, na bado simwogopi. Hapa mimi ni Mwalimu. Kwa mama yako nitakuwa Kaka Mkubwa, mtu wa kuketishwa mbele ya televisheni isiyozimwa na kuambiwa avae sweta. Mtu akihamishwa akiwa mzima, ugonjwa humfuata huko huko.

Kitabu nimekipokea. Ni cha ajabu, nacho ni kifupi kuliko hotuba za harusi za ukoo wetu. Mwanamume anashuka kwenye treni katika mji wenye mvua, mkononi ana mwavuli usio wake. Anasema aliazimwa na mwanamke mmoja zamani, na sasa amekuja kuurudisha. Anagonga mlango. Mwanamke anafungua, amevaa koti la kijani, anautazama mwavuli na kusema si wake, tena yeye huyo bwana hamjui. Lakini mvua inanyesha, basi anamkaribisha. Wanakunywa kahawa. Mgeni anapoaga, mwenyeji anamwita: "Umesahau mwavuli wako." Kesho yake mwanamume anarudi na mwavuli, anagonga mlango uleule.

Nimefikia hapo. Nasoma polepole kwa sababu ninafurahia, si kwa sababu nyingine yoyote.

Mjomba wako


2 Machi

Shikamoo Mjomba,

Barua yako nimeisoma kwa sauti kazini, wote wakacheka, hasa pale kwenye wembe. Huku salama. Wiki hii alikuja mteja mmoja na meno niliyomtengenezea, ameyafunga kwenye leso kama ushahidi wa mahakamani. Akasema si yake. Meno yake ya asili, alisema, yalikuwa na mwanya katikati, na mimi nimemwibia mwanya. Tukabishana. Mwisho mkewe akafika na picha yao ya harusi. Mwanya haukuwepo. Mkewe akamwambia, "Huo mwanya ni wa baba yako, mume wangu." Jamaa aliitazama ile picha, kisha akaomba nimwekee mwanya hivyo hivyo. Nimemwekea.

Mama hajambo. Ana shughuli nyingi za nyumbani, atakueleza mwenyewe.

Kitabu kimeninogea. Nina maswali machache tu, ya udadisi. Lile koti la yule mwanamke ni la rangi gani hasa, kuanzia mwanzo mpaka mwisho? Mwanamume alikwenda kwenye ile nyumba mara ngapi? Mwavuli ni wa nani? Na mwisho wao ukawa nini? Nijibu kila swali kwa utaratibu wake, usiniruke, maana wewe ukianza utani huwezi kurudi tena kwenye mada.

Tena nijibu bila haraka. Lakini pia usichelewe sana.

Kibogoyo


28 Machi

Kibogoyo, marahaba tena na tena,

Najua nimechelewa. Nilikuwa nakisoma upya. Nilipomaliza mara ya pili nikakisoma mara ya tatu, mpaka mwanafunzi wangu mmoja akauliza kama nami nina mtihani.

Unataka majibu kwa utaratibu. Haya, kaa vizuri. Koti ni la kijani siku ya kwanza. Baadaye ni la kijivu, na hakuna mtu katika kitabu anayeshangaa. Baadaye tena mwanamume analisifia koti lile, na mwanamke anamjibu kwamba hajawahi kuwa na koti maishani. Kuhusu mara ngapi alikwenda: alikwenda mara nne, au alikwenda mara moja akaikumbuka mara nne. Mwavuli sijui ni wa nani. Jana niliamini ni wa mwanamke, anaukana kwa sababu zake. Leo asubuhi nikinyoa ndevu nikaona hapana, ni wa mwanamume tangu mwanzo, na ile habari ya kuazimwa aliiota kwenye treni. Na mwisho wao ni huu: mwanamume yumo ndani ya nyumba, amekaa kama mwenyeji, nje mvua inanyesha. Mlango unagongwa. Anakwenda kufungua, na pale mlangoni amesimama mtu ana mwavuli. Kitabu kimeishia hapo.

Nilicheka peke yangu mpaka nikafungua dirisha. Nilimsimulia fundi viatu, naye akakasirika kweli, akiwa na misumari mdomoni. "Mwalimu," akasema, "si angeuacha tu mlangoni aondoke zake?" Nikamwambia angefanya hivyo tusingekuwa na kitabu. Akasema tungekuwa na muda.

Unisamehe kama majibu hayajanyooka. Kitabu chenyewe hakijanyooka, nami nimekipenda hivyo hivyo. Mshukuru Daktari wako. Goti halijambo.

Mjomba wako


6 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Barua imefika, asante sana. Usijichoshe tena na hicho kitabu, umenisimulia vya kutosha. Kula vizuri. Kunywa maji.

Huku hakuna jipya. Mama yuko mbioni na mafundi, ameondoa cherehani katika kile chumba cha nyuma na kukiwekea dirisha kubwa zaidi.

Mjomba, kwa jumla tu, wewe hupenda ukuta wa rangi gani? Kuna rangi ya maziwa na kuna samawati. Nauliza tu.

Nakupenda sana.

Kibogoyo


14 Aprili

Kibogoyo,

Marahaba.

Ukuta gani?

Mjomba wako


3 Mei

Shikamoo Mjomba,

Sijui kama utaniitikia. Barua hii nimeianza mara kadhaa, nikaichana, nikaenda kusugua meno ya watu ili mikono ipate la kufanya. Mficha uchi hazai, acha niseme.

Kitabu hakikuwa udadisi. Mama ndiye aliyeniomba. Alisema, "Mpe kitu asome, kisha muulize, tujue kichwa kimefikia wapi." Niliona ni jambo jema, tena la adabu kuliko kukupeleka hospitali kwa nguvu. Nilimweleza Daktari, akafurahi, akachagua kitabu yeye mwenyewe na kunisaidia kutunga maswali. Nakala ilikuwa hiyo moja, nawe ulikuwa nayo. Kwa hiyo majibu yalikuwa kichwani mwa Daktari tu.

Na Daktari alikuwa na hakika, Mjomba, hakika ya mtu anayekwambia jino lipi litoke. Koti la kijani mwanzo hadi mwisho. Alikwenda mara tatu. Mwavuli ni wa mwanamke, na mwisho wanaoana, tena Daktari aliifafanua ile harusi mpaka maua. Nikaishika barua yako, nikasahihisha. Ulikosa kila kitu. Kijivu, hana koti, mara nne au moja, jana hivi leo vile. Nililia kwenye stoo ya plasta. Kisha nikampigia Mama nikamwambia, "Mjomba amechanganyikiwa." Kesho yake akaita mafundi wa rangi.

Hilo lingebaki hivyo hivyo kama Daktari asingekuwa mbishi. Nilipomwonyesha barua yako alichukia kuona kitabu chake kimeharibiwa, akamwandikia mwenzake aliyesoma naye, akatumiwa nakala nyingine. Akaisoma wakati wa chakula cha mchana. Halafu akaja karakana, hajavua hata koti jeupe, akasimama mlangoni. "Kuna kijivu," akasema. "Kuna kijivu, na hawaoani. Sasa ile harusi niliitoa wapi?" Akaingia kung'oa jino la mtu akiwa bado anajiuliza. Nilimhurumia mwenye jino.

Ulijibu sawasawa, Mjomba. Kila kitu. Nami nilikwisha kukufelisha.

Nimemweleza Mama. Anasema kitabu kisicho na kichwa wala miguu si ushahidi wa upande wowote, lakini birika ni birika, na rangi imeshapakwa. Ni ya maziwa. Namwambia kila siku kwamba nilikosea, naye ananijibu kila siku kwamba mapenzi yananipofusha.

Kosa ni langu. Nilikwenda kwa Mama kabla ya kuja kwako. Nisamehe.

Kibogoyo


20 Mei

Kibogoyo,

Marahaba, mwanangu. Nakuitikia, mbona nisikuitikie. Futa machozi, plasta haipendi maji.

Nilijua tangu barua yako ya pili. Nimetunga mitihani maisha yangu yote, unadhani nitashindwa kuutambua ukija umevaa kanga ya udadisi? Anayependa hadithi huuliza "ikawaje?" Anayeuliza rangi ya koti kuanzia mwanzo mpaka mwisho ana kalamu nyekundu mfukoni. Na nyinyi nanyi! Katika vitabu vyote vya dunia mmekwenda kuchukua kile ambacho ndani yake hakuna hata mmoja anayekumbuka kitu, mkampimia mzee kumbukumbu. Mngenipima macho gizani ingekuwa nafuu. Nilicheka sana kwa hilo, nitaendelea kucheka mpaka Krismasi.

Utaniuliza kwa nini sikusema. Kwa sababu nilitaka kufaulu. Hilo la kicheko nililokuandikia mwezi Machi ni kweli, lakini lilikuja mwisho. Kabla ya hapo niliogopa. Koti lilipogeuka kijivu nilirudi nyuma kurasa kadhaa, nikadhani nimesoma vibaya. Nikaandika pembeni ya gazeti: kijani. Mwanamke aliposema hana koti nilifunga kitabu, nikaenda kusimama dirishani, kinyozi akanipungia mkono, nami sikumwona mpaka alipopiga mluzi. Nilikisoma mara tatu kujua ni nani kati yetu anayesahau, mimi au kitabu. Ilipothibitika ni kitabu, ndipo nikacheka.

Sasa nikwambie usiloliuliza.

Mwezi uliopita nilijikuta nimesimama katikati ya ngazi za nyumba yangu, kikapu mkononi, na sikujua kama napanda au nashuka. Nilitazama kikapu, kilikuwa kitupu. Hata hilo halikunisaidia, kwa kuwa yamkini nilikuwa natoka sokoni bila kununua kitu. Nikakaa. Fundi viatu alipotoka kufunga duka akaniuliza, "Mwalimu, unapumzika?" Nikasema napumzika. Akanishika mkono kwa utani kwamba kanifunga kwenye dama mpaka miguu imelegea, tukapanda. Haikuwa mara ya kwanza. Huwa inakuja, inakaa kidogo, inaondoka, nami narudi kuwa yule yule, nasahihisha vitenzi vya watoto bila kosa.

Naogopa, Kibogoyo. Sijamwambia mtu mwingine. Sikuombi umfiche mama yako, wala sikuombi umwambie. Nimechoka tu kulibeba peke yangu, na wewe ndiwe uliyeniomba mambo madogomadogo.

Mjomba wako


1 Juni

Shikamoo Mjomba wangu,

Barua yako niliisomea kazini nikamwaga plasta kwenye viatu. Nikaomba ruhusa, nikakaa nje nikalia, kisha nikaisoma tena pale unapotucheka, nikacheka na mimi, watu wakanionea shaka.

Sitamwambia Mama. Si kwamba ninamficha. Hilo ni lako, utalisema ukitaka kulisema, na kwa mdomo wako. Mimi nilishatoa hukumu mara moja, na unajua nilivyotoa. Ila nakuomba kitu kimoja: usikae tena kwenye ngazi ukamwambia mtu unapumzika. Mwambie fundi viatu ukweli. Atakucheka siku moja, halafu atakuwa anaangalia ngazi.

Nina wasiwasi pia, nisikudanganye. Usiku huu wote nimewaza kama Mama ana haki. Asubuhi nikawaza wewe kwenye ile sebule, mbele ya ile televisheni, na sweta, nikaona atakuwa na haki na bado utakuwa umekosea kwenda. Mwenye jibu simjui.

Na sasa siri nyingine, maana naona siri zangu hazikai. Mama anakuja kwako Jumamosi hii na gari la mizigo na masanduku matupu. Ameniapisha nisikwambie. Nakwambia. Vaa vizuri.

Kibogoyo


14 Juni

Kibogoyo wa mjomba,

Marahaba. Nilivaa vizuri. Nilivaa tai.

Mama yako alikuja. Alipanda ngazi akihema, akaingia bila hodi, akanikumbatia, akalia kidogo begani kwangu, kisha akaanza kupakia vitabu vyangu kwenye masanduku kwa kufuata urefu. Kamusi kubwa akaiweka na kitabu cha mapishi kwa sababu vilikuwa na kimo kimoja. Chini dereva alikuwa amekwisha kuanza kucheza dama na fundi viatu, akifungwa. Nikamwandalia mama yako chai. Birika lilipopiga filimbi alikimbia jikoni kabla yangu, akalizima yeye, akarudi na uso wa kusema unaona.

Tulibishana mpaka chai ikapoa. Yeye alitaja birika, alitaja siku niliyomwita fundi viatu kwa jina la kaka yake huyo fundi, alitaja kitabu. Mimi nilitaja wanafunzi wangu, dirisha, na Daktari wako na harusi yake ya kuota. Akapiga meza. "Kaka, usinichezee," akasema. "Katika ukoo huu mwenye kumbukumbu ni mimi. Mimi nakumbuka kila kitu. Nakumbuka mbwa wa muuza mkaa aliponing'ata mguu nikiwa mdogo hata shule sijaanza, na wewe ukanibeba mgongoni mpaka nyumbani, ukilia kuliko mimi."

Hadithi hiyo unaijua. Ameisimulia kwenye kila harusi, watu hupiga makofi.

Nikamwambia, "Nionyeshe kovu."

Akavua soksi ya kulia. Hakuna kitu. Akasema basi ni mguu wa kushoto, akavua ya kushoto. Akaomba miwani. Akasogea dirishani, akageuza mguu huku na huku. Nikamwacha atafute mpaka alipokata tamaa, ndipo nikapandisha suruali yangu. Kovu liko pale chini ya goti, refu, meno ya mbwa yanahesabika. Aliyeng'atwa ni mimi. Aliyenibeba ni baba yetu. Yeye alikuwa mdogo sana, alikuwa anakimbia pembeni yetu ameshika kiatu changu, analia kwa sauti kubwa kuliko mgonjwa. Alinililia siku ile yote, na nadhani alilia mpaka mguu ukawa wake.

"Mbona hukuniambia miaka yote hii?" akauliza.

"Ulikuwa unaisimulia vizuri."

Alikaa juu ya sanduku la vitabu, soksi mkononi. "Mbona maumivu nayakumbuka, Kaka?" akasema. "Mpaka leo nayakumbuka." Nyani haoni kundule, ningeweza kumtupia hiyo, ilinijia mpaka ulimini, lakini ungemwona alivyokuwa ameushika ule mguu. Baadaye akainuka, akaanza kuvitoa vitabu sandukuni, kimoja kimoja, akivirudisha kwenye rafu mahali pasipo pake.

Nilikuwa nimeshinda, Kibogoyo. Dereva angeondoka na masanduku matupu, mimi ningebaki na dirisha langu, na mwaka mzima asingethubutu kunitajia birika. Nilimtazama mdogo wangu akihangaika na kamusi. Nikamwambia habari ya ngazi.

Nilimwambia yote, na kikapu. Hakupiga kelele. Aliuliza imetokea mara ngapi, nikamjibu sikumbuki, na hilo ndilo tatizo lenyewe. Tukacheka wote wawili, kisha akaacha kucheka, nami nikaacha. Akanishika mkono. Hatujashikana mikono tangu mazishi ya mke wangu. Nikamwambia kwamba siku nitakayoshindwa kabisa kuujua mlango wangu nitakwenda naye bila ubishi, lakini siku hiyo si leo, na sitaki kuanza kuishi ndani yake mapema. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo kwa mama yako ni la kuandikwa.

Halafu akashuka. Nilidhani amekwenda kumwita dereva apakie. Nikasikia gari linawashwa, linaondoka, na miguu yake inapanda tena, polepole. Akaingia na mkoba wake wa safari, akauliza mswaki wake auweke wapi.

Leo ni siku ya saba. Anakoroma. Amegombana na kinyozi, wamepatana. Amewaambia wanafunzi wangu wavue viatu mlangoni, nao wanamtii kuliko wanavyonitii mimi. Sijui atakaa mpaka lini, naye hasemi, na safari hii sitatunga maswali. Njoo ukipata likizo, utalala chini, vyumba ni viwili na sisi wakubwa tumeshajigawia vitanda.

Naishia hapa kwa kuwa tunakwenda sokoni. Nimechukua kikapu, nimetoka mpaka kwenye ngazi, nimerudi kumalizia mstari huu. Yeye ameshatangulia, amesimama pale kati, ameshika ukingo, na ananiita kwa sauti ya kusikika mpaka kwa kinyozi: "Kaka! Tunashuka!"

Haya, nashuka.

Mjomba wako